Wadudu wa Nyumba ya Vioo

Eliza ndiye aliyeniambia kwamba Bi Mwantumu amekufa, na aliniambia harusini, hapa Muheza, huku anatafuna pilau. Ndivyo alivyo Eliza tangu ujana wetu, neno likimfika mdomoni halingoji ameze. “Yule mama yetu wa vyungu hatunaye,” akasema. “Wamemzika kule kule nyika. Hata mimi nimesikia kwa watu, sikuwahi.” Nikaliweka tonge langu sahanini. Ngoma inapigwa, watoto wanakimbizana kati ya majamvi, bi harusi hajatolewa, na mimi nimekaa nalia mbele za watu, hadi mama mmoja wa upande wa bwana harusi akaniletea maji akidhani nimepaliwa. Tulikuwa hatujaonana, mimi na Eliza, miaka na miaka. Sote sasa ni vikongwe, yeye goti, mimi macho. Tukajisogeza nyuma ya nyumba, karibu na masufuria, tukaanza kukumbushana mwaka ule wa Lushoto. Alichokisahau yeye ninacho mimi, nilichokisahau mimi anacho yeye, ila kuna jambo moja tunalo sote na hakuna aliyetaka kulianza. Habari za baba yangu na mama yangu, nani alimwoa nani na kwa nini, naziruka. Shangazi zangu wamezisema vya kutosha. Mimi nataka kusema habari za vyungu.

Nilipanda Lushoto msimu wa vuli, msichana wa Kibondei ambaye alikuwa hajawahi kuvaa sweta maishani mwake. Nilikuwa nimepata kazi ya bustani katika nyumba ya vioo iliyokuwa juu kidogo ya mji, njia ya kwendea Kifungilo. Mzungu aliyeijenga alikuwa ameshaondoka, serikali ikaichukua pamoja na maua yake. Ndani mlikuwa na rafu za mbao hadi usawa wa kichwa, na juu ya rafu vyungu vidogo vilivyofinyangwa na akina mama wa Kisambaa, kila kimoja na ua lake: lile ua dogo la zambarau, lenye majani mazito yenye manyoya, ambalo kwenye misitu yetu huota lenyewe juu ya miamba na hakuna anayelisalimia, ila Wazungu hulilipia nauli ya ndege likakae madirishani kwao. Nilipoambiwa hivyo nilicheka sana. “Cheka tu, Mbondei,” Eliza akanitania siku hiyo hiyo ya kwanza, “kesho baridi ikikushika utaomba ulale na hayo maua.” Na kweli. Siku ya pili tu nilikuwa nimejibana kati ya rafu, karibu na jiko la chuma lililopasha moto nyumba, meno yanagongana, na Eliza, Msambaa wa Mlalo, mtoto wa kanisani, ananicheka hadi anashika mbavu.

Bi Mwantumu ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Mwanamke mwembamba, mrefu, aliyefunga kanga yake juu kifuani hata juu ya koti, asiyependa kelele. Ukiingia asubuhi bila shikamoo hakugombezi, anakaa tu kimya hadi ukumbuke mwenyewe. Alikuwa akiishi chumba cha nyuma ya nyumba ya vioo, kilichokuwa zamani stoo ya majembe. Mlikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, mkeka wa kuswalia uliokunjwa juu ya sanduku, na dirisha dogo lililotazama ndani, kwenye vyungu, hivyo akiamka jambo la kwanza kuliona ni maua. Mumewe alikuwa amemwacha kwa kukosa watoto. Kwa desturi yao Wasambaa mwanamke akiachwa hurudi kwa kaka zake, naye alirudi. Kaka mkubwa akamwambia karibu, mke wa kaka akamwonyesha pa kulala: jikoni, upande wa mbuzi. Alikaa huko hadi alipopata kazi ya maua na chumba kile. “Hiki ni changu,” alituambia siku moja akipangusa kizingiti kwa kitambaa, na kwa mtu asiye na maneno mengi, hiyo ilikuwa hotuba.

Ilikuwa baada ya vuli, jua limekaza, ndipo maua yalipoanza kusinyaa. Maji tunatia, majani yananing'inia. Tunaongeza maji, yanazidi. Bi Mwantumu akakichukua chungu kimoja, akapitisha shina kati ya vidole, akakipindua na kukigonga ukingo wake kwenye rafu. Udongo ukatoka mzima, umeshika umbo la chungu, na pale udongo ulipokuwa umegusana na chungu kulikuwa na kitu cheupe, laini, kama mtu aliyepaka unga kwa kidole. Tukasogeza macho. Ule unga ukatembea. “Yoo!” Eliza akaruka nyuma. Kisha, kwa kuwa ni Eliza, akasema, “Unga madukani hakuna, kumbe umehamia kwenye vyungu.” Mwaka ule mvua zilitugomea, na unga wenyewe ulikuwa wa foleni, wa njano, wa msaada, unaonuka gunia. Nilicheka peke yangu. Bi Mwantumu alikuwa ameshachukua chungu cha pili, na cha tatu, na kila alichokigonga kilitoa udongo ule ule na weupe ule ule.

Bwana Shamba aliitwa. Alikuwa mtu wa Tanga mjini, Bwana Rashidi, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alituheshimu kama watu wazima wenziwe. Akatuonyesha kwamba wale ni wadudu wanaokaa kwenye mizizi na kuifyonza, wala hawatoki juu wakaonekana, ndiyo maana ukiona jani limelegea ujue wao wameshakula na kushiba. Dawa ya kiwandani ilikuwepo, alisema, ila imekwisha ghalani na mwaka huu haiji. Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Mwaka ule kila kitu kilikuwa kimekwisha na hakiji: sabuni, sukari, betri, dawa. Tulishazoea hata tukawa hatuulizi lini.

Siku mbaya ilikuwa siku ya bada. Tulikuwa chumbani kwa Bi Mwantumu saa ya kula, bada, ule ugali wa muhogo, na mboga ya mnavu, mlango umerudishwa kwa ajili ya upepo, ndipo tukasikia sauti nje ya ukuta wa mbao. Katibu Tarafa alikuwa amekuja kuitazama nyumba, anaongea na Bwana Rashidi, wala hawakujua kwamba kuna watu ndani.

“Tuambiane ukweli, Bwana Shamba. Watu wanakula unga wa msaada, sisi tunabembeleza maua?”

“Yakipona, Ndugu Katibu, nayapeleka maonyesho ya Saba Saba, Tanga. Yana wanunuzi haya. Yanaweza kuilisha nyumba yake.”

“Yakipona. Mimi nina mbolea ya chumvichumvi imelala nje chini ya turubali. Sikiliza, nakupa hadi Saba Saba. Yakienda Tanga, endelea nayo. Yasipokwenda, naweka mbolea humu.”

“Na hawa akina mama?”

“Wasichana watarudi kwao. Huyu anayekaa nyuma, huyu hana shamba, hana mume, hana kijiji. Operesheni ya vijiji imesema kila mtu awe na kijiji chake. Ataandikishwa kule nyika pamoja na wengine.”

Nyayo zikaondoka. Mimi na Eliza hatukuthubutu kuinua macho. Bi Mwantumu aliusogeza mnavu upande wetu wa sahani, akasema, “Kuleni, bada ikipoa inakuwa jiwe.” Yeye hakula tena. Tulipokuwa tunanawa ndipo akasema, taratibu, kama anayejiambia mwenyewe: “Nyika siwezi. Nyika mimi nitakufa.” Usione ajabu. Kwa Msambaa wa wakati ule nyika ilikuwa mahali pa jua, homa na maji ya kununua, mahali ambapo mtu wa milimani hushuka kwa shida zake na kupanda kabla hajaugua. Lakini nadhani hata wangempeleka peponi, kama si chumba kile asingetaka.

Basi tukaanza vita. Bwana Rashidi alitufundisha njia za kimaskini, maana za kitajiri hazikuwepo. Tulichemsha majani ya tumbaku kwenye debe hadi maji yakawa meusi na nyumba nzima ikanuka kibanda cha wazee. Eliza alipata kizunguzungu akatapikia nje, mimi mikono ilibabuka. Tulitoa kila ua chunguni, tukaosha mizizi kwenye karai la maji vuguvugu hadi ibaki mitupu, tukakata iliyooza, tukaichovya kwenye tumbaku. Vyungu tulivitokosa kwenye pipa, kwa sababu Bwana Rashidi alisema wale viumbe hujificha hata kwenye vitundu vya udongo uliochomwa. Rafu tulizisugua kwa majivu. Udongo mpya ulikuwa mwekundu, wa kuchimba chini kabisa nyuma ya nyumba, tukaukaanga juu ya bati hadi hata funza asingeishi humo. Maua yaliyozidiwa tuliyatia motoni, na kila moja lilipokwenda Bi Mwantumu alisema “Inna lillahi”, kwa dhati kabisa, hadi Eliza akamwambia, “Mama, hata wadudu unawasomea?” Akajibu, “Nayasomea maua. Wadudu wana wasomaji wao.” Ndiyo mara pekee nakumbuka alitania.

Katikati ya kazi ile Bwana Rashidi akaitwa kwenda kupima viwanja vya vijiji vipya. Wote wenye kalamu na kamba ya kupimia waliitwa. Aliondoka akitusisitizia, miwani mkononi: “Udongo mpya mtupu. Ule wa zamani usijazie hata chungu kimoja.” Tukaitika sote, ndiyo, Bwana Shamba. Na kweli hatukujazia. Naapa hatukujazia. Lakini sisi tuna desturi yetu, Wasambaa wanayo na Wabondei tunayo, kwamba ukihamisha chipukizi la mgomba, kwenye shimo jipya unatia kwanza konzi moja ya udongo wa mama yake, lile shina lililozaa. Bila hivyo mti husononeka, hukataa kushika. Hakuna anayefundishwa jambo hilo, unaliona likifanywa tangu umebebwa mgongoni. Bi Mwantumu aliupitisha mkono kwenye lundo la udongo mweusi tulioukung'uta, akafumba konzi, akaiweka katikati ya chungu cha kwanza, akazungushia udongo mwekundu, akapanda ua juu yake. “Lisijione mgeni,” akasema. Nami nikafanya hivyo. Na Eliza akafanya hivyo, kaskasi, akiimba nyimbo zake za kanisani. Vyungu vyote. Ungemwuliza yeyote kati yetu kama ametumia udongo wa zamani, angekuambia hapana, tena angekasirika. Konzi ile kwetu haikuwa udongo, ilikuwa adabu.

Masika ikanyesha kidogo, lakini ikanyesha, na maua yakaamka. Nasema ukweli, sijawahi kuona kitu kikipendeza vile. Majani mapya yalitoka yakiwa na manyoya ya kung'aa, kisha vichwa vya maua, kisha rafu nzima ikageuka zambarau. Kila tulipoingia tulisalimiana kwa Kisambaa, “Onga mshi,” hata mimi Mbondei, kwa furaha tu. Bi Mwantumu alipata chokaa sijui wapi, akakipaka chumba chake ndani nje, akatundika pazia dirishani, kipande cha kanga kilichopindwa vizuri. Mtu hapaki chokaa nyumba anayohama. Hata Katibu Tarafa alipita, akakaa akitazama, akaomba chungu kimoja ampelekee mkewe, akasema, “Haya, kumbe mnaweza.” Tulipokwenda kuteka maji Eliza alinishika mkono akasema tutapanda lori la maonyesho sote watatu, tutaiona Tanga, tutakula halua. Nikamwambia Tanga mimi naijua. “Hujaijua ukiwa na mimi,” akasema.

Kipupwe kikaingia na ukungu wake, tukaanza kuchagua vyungu vya kusafirisha, tunavifunga kwa majani makavu ya mgomba visigongane njiani. Bi Mwantumu alikuwa anakagua kimoja kimoja. Akasimama. Jani moja lilikuwa limelegea, jani moja tu, na mimi nilikuwa nimeshaliona nikajifanya ni la uzee. Akakipindua chungu, akakigonga. Udongo ukatoka mwekundu. Akaupasua kwa vidole gumba viwili, na ndani, katikati, ilikuwa ile konzi nyeusi, imekaa vile vile tulivyoifumba, na imezungukwa na weupe. Kutoka pale weupe ulikuwa umeifuata mizizi kuelekea nje, kila mzizi na mstari wake. Akagonga cha pili: nyekundu, nyeusi katikati, nyeupe. Cha tatu. Eliza akachukua vya upande wake akavigonga, nami vyangu, hata tukawa tunavigonga kwa haraka kama watu wanaotafuta kitu walichopoteza, na kila kimoja kilikuwa vile vile, maua mazuri juu na chini yameliwa. Bi Mwantumu akaweka kidole chake juu ya konzi moja, akakiacha hapo.

“Kumbe ni mimi,” akasema.

“Ni sisi sote, mama,” Eliza akamwambia, machozi yanamtoka. “Sote tuliweka.”

“Nani aliyewaonyesha?”

Hakuna aliyejibu. Ndilo lile jambo ambalo mimi na Eliza, siku ya harusi, nyuma ya nyumba, tulizunguka zunguka bila kulitaja. Tungejibu nini? Tungemwambia hapana, tungemdanganya usoni. Tungemwambia ndiyo, tungemmaliza. Tukanyamaza, na kunyamaza kwetu akakuelewa.

Bwana Rashidi alirudi, akasikiliza, akapasua vyungu vichache kwa mikono yake. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema tungeweza kuanza upya, kisha akahesabu kwa sauti tunachohitaji, tumbaku, kuni, na zaidi ya yote siku, akaacha mwenyewe kabla hajamaliza. Saba Saba ikapita sisi tuko kwenye moto, tunayachoma maua yakiwa bado yamechanua. Mbolea ikaletwa. Wapagazi waliipanga kwenye rafu zetu, na ile chumvi yake ikaanza kula mbao siku ile ile. Lori la watu wa nyika lilikuja asubuhi yenye ukungu. Bi Mwantumu alitoka na sanduku la bati kichwani na mkeka kwapani. Eliza akakimbilia ndani kumwondolea pazia lake, akamwambia, “Mama, umesahau hili.” Akasema, “Liache, ni la chumba.” Akapanda, watu wakamsogezea nafasi, akakaa akiwa ametugeuzia mgongo.

Mjukuu wangu amesomea kilimo. Nilimhadithia, akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Bibi, msijilaumu. Wale hubebwa na sisimizi, hubebwa na maji, mayai hubaki kwenye nyufa za rafu. Hata bila ile konzi wangerudi tu.” Aliona ananifariji. Nililala siku nzima na kanga usoni. Kama wangerudi tu, basi mwanamke yule alibeba mzigo ambao hata haukuwa wake, na tumbaku yote, na mikono yetu iliyobabuka, na chokaa, vyote havikuwa na maana tangu siku ya kwanza. Sijui lipi bora. Kwa vyovyote maneno ya kijana yalikuja wakati ambapo hayamfai mtu.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Mwisho wa mwaka ule, vibarua vya kule juu vilipokwisha, nikirudi kwetu, nilishuka Mombo nikatembea hadi kijiji kile kipya, nyumba zimepangwa mstari kwenye vumbi, jua linapiga bila huruma. Sikuhitaji kuuliza yake ni ipi. Kila uwanja ulikuwa na kitu, hapa mchicha, pale mgomba mchanga umezungushiwa miba, kule mnavu wa kumwagiwa maji ya kuoshea vyombo. Uwanja mmoja ulikuwa umefagiliwa mtupu kutoka mlangoni hadi njiani. Alikuwa amekonda, macho ya njano kwa homa, lakini alifurahi kuniona, akanitandikia mkeka kivulini mwa ukuta. Jirani yake akaja na fungu la mchicha, akamwekea mlangoni bila maneno mengi, ikaonekana ndiyo kawaida yao. Nikamwambia, “Mama, nitakuletea mbegu kutoka Muheza.” Akasema, “Usiniletee, mwanangu. Mimi sipandi.” Tukaongea ya Eliza, ya baridi ya Lushoto, ya nani ameolewa. Katikati ya maneno akageuka, akatazama kando ya kizingiti. Mche wa boga ulikuwa umechipua pale, majani mawili tu, labda mbegu iliyodondoka mdomoni mwa mtoto wa mtu. Akainuka, akauvuta polepole usikatike, akaukung'uta vumbi, akauinua juani akautazama mzizi wake, upande huu na upande huu, kwa muda mrefu. Ulikuwa safi. Hata mimi niliona kwamba ni safi. Akautupa njiani, akapangusa vidole kwenye kanga, akarudi kukaa, akaniuliza kama nimekula.